Mlango wa Kushoto wa Halberd Namba 17

Taarifa hii ni rasmi. Imeandikwa kwa kiapo, kwa ajili ya usalama wa Taifa, na mtu aliyekuwepo mahali pa tukio. Hakuna hata neno moja lililoongezwa.

Isipokuwa bastola, nayo nimeshaifuta.

Kachero Lusubilo hakuwa na bastola. Alikuwa na darubini yenye jicho moja zima, radiokoli yenye betri zilizoanikwa juani tangu asubuhi, na njaa.

Mahali: mpaka wa Tunduma. Mwaka: 1984. Saa: tisa alasiri.

Amri ilikuwa imefika siku mbili kabla, kwa jina lake la siri. Ilipigwa taipu, kila herufi R ikiruka juu ya mstari kama panzi:

KAHAWA MOJA. GARI HALBERD NAMBA 17 LITAPITA TUNDUMA IJUMAA. LIKAGUE KWA MIKONO YAKO. SIRI.

Kanuni ilisema aitafune na kuimeza. Njaa alikuwa nayo, lakini si kiasi hicho. Akaitia mfukoni.

Halberd!

Kila mtu aliyewahi kuiba gazeti la magari maktabani anaijua. Kiwanda cha Uingereza kilipanga kutengeneza magari ishirini ya mbio. Yakatoka kumi na sita. Mwaka 1958 wanunuzi wakaisha, kiwanda kikasimama, namba nne zikabaki tupu kwenye rejista. Miaka ishirini na tano baadaye kiwanda kilekile kikafungua rejista ileile, kikawaita wazee wastaafu na nyundo zao, kikayatengeneza manne yaliyobaki.

Si nakala. Ni kama mwalimu kufungua daftari la mahudhurio la 1958 na kuendelea kuita majina pale alipoishia.

Lusubilo alikuwa na picha ya namba 16 juu ya kitanda chake tangu darasa la saba. Sasa ni mtu mzima. Ana mke. Picha bado ipo.

Lakini siku hiyo hakuwa na raha. Mara ya kwanza alikamata mapipa ya mafuta ya taa ya magendo, yakawa asali. Mara ya pili alizuia msafara wa wahujumu uchumi. Ikawa harusi ya watu wa Itaka, na bibi harusi akampiga kwa kiatu. Mkuu wake alikwisha sema: ukikosea tena, unarudi Ileje kulinda ghala la mbolea.

Radiokoli ikakoroma.

"Kahawa Moja, uko wapi?"

"Tunduma, mkuu. Kwa amri yenu."

"Amri ip—"

Betri zikakata roho. Lusubilo akaipiga radiokoli kofi. Haikusaidia.

Kisha gari likaja.

La bluu. La chini. Wabeba mizigo wakatua magunia.

Akashuka Bwana Fenwick, mgeni mwenye tabasamu la tangazo la dawa ya meno, anayelipeleka gari kwenye maonyesho Lusaka. Nyuma yake akashuka Damiano, fundi wa Mlowo, aliyekuwa amelishughulikia gari siku tatu. Alilifuta vumbi kwa mkono wa shati kama mama anayemfuta mtoto kamasi.

Lusubilo alikagua chini ya viti. Hakuna kitu. Tairi la akiba. Hakuna. Tangi. Hakuna. Saa nzima! Jasho likamwingia machoni.

"Kaka Lusubilo," aliita Mwanaisha, ofisa wa forodha, "vibali viko sawa, mihuri mitatu. Nifungue kizuizi, au tumsubiri bibi harusi mwingine?"

Umati ukacheka.

"Subiri, dada."

"Bwana, unatafuta nini?" Fenwick alisema. "Hii ni Halberd halisi. Kila kitu kama zamani. Hata makosa ya zamani wameyarudia!"

Makosa.

Lusubilo akaganda. Mzee aliyepima milango ya Halberd ya kwanza alikosea: wa kushoto ukawa mfupi kwa upana wa dole gumba. Yote kumi na sita yalitoka hivyo. Na wazee wa namba 17 waliurudia ufupi ule kwa makusudi, kwa heshima.

Akatoa kifaa cha siri.

Kamba ya kiatu.

Akapima mlango wa kulia, akafunga fundo. Akahamia wa kushoto. Fundo likafika ukingoni.

Sawasawa.

"Milango hii haikutoka kiwandani."

"Ni yangu, afande!" Damiano alisema kwa fahari. Fenwick akamkanyaga mguu. Damiano hata hakugeuka. "Huyu bwana alitaka mingine yenye nafasi ndani, nitie vipande vya madini ya risasi, ati gari lisiruke barabarani. Lakini ule wa kushoto ulikuwa mfupi. Niuache hivyo, watu waseme Damiano hajui kupima?"

Fenwick akatimua mbio kuelekea Zambia.

Mwanaisha, aliyekwisha kuanza kukiinua kizuizi, akakiachia. Kikakutana na Fenwick kifuani.

Bisibisi. Mlango wazi. Vipande vyeusi. Lusubilo akakwangua rangi.

Njano.

Dhahabu ya machimbo ya Galula, kilo kumi na nne.

Lusubilo akavaa miwani myeusi, akaondoka polepole bila kutazama nyuma, kiatu kimoja kikipwaya.

Taarifa ingeishia hapo. Ila Jumatatu Lusubilo alikuja bwenini kwetu, shuleni Mlowo, pamoja na mkuu wa shule, Mwalimu Barnaba. Akaiweka ile amri mezani, kando ya gazeti letu la ukutani.

R zikaruka huku. R zikaruka kule.

"Makao makuu hawakutuma amri yoyote," alisema. "Kila taipu hukosea kwa namna yake."

Mhariri wa gazeti la ukutani ni mimi.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Eleza."

Nikaeleza. Habari za gari nilizisoma gazetini, na jina la Kahawa Moja nilikwisha kulisikia nyumbani kwake. Dhahabu sikuijua kabisa. Nilitaka tu mjomba wangu apate ruhusa ya kuligusa. Mara moja.

"Nimekagua viti vyote," alisema kwa uchungu, "na sikukalia hata kimoja."

Akachukua daftari langu, akasoma taarifa hii mpaka kwenye kiatu kinachopwaya.

"Ijumaa ulikuwa Tunduma?"

"Hapana, mjomba. Nilikuwa bwenini. Fundi Damiano ndiye aliyewasimulia watu wote wa Mlowo."

"Na hili la kutotazama nyuma, nalo kakwambia Damiano?"

"Hapana. Hilo nimeongeza."

Mjomba akavua miwani.

"Futa," alisema. "Niligeuka mara saba."