Aliita Mara Moja

Saa kumi na mbili kasoro dakika kumi, asubuhi ya Jumanne katikati ya Julai, moto wa jikoni ulikuwa bado haujawashwa. Muchaneta alikuwa amechuchumaa mbele ya mafiga, kiberiti mkono mmoja, njiti mkono wa pili. Baridi ya wilaya ya Mutoko mwezi huo huuma mpaka kwenye meno, lakini hakuonekana kuihisi. Alikuwa akitazama sakafu karibu na mlango.

"Wee Muchaneta! Uji utajipika wenyewe?"

Aliyesema ni Tete Winnet, dada wa baba yake, aliyekuwa akimlea tangu wazazi wake walipokwenda kufanya kazi Afrika Kusini. Muchaneta alishtuka, njiti ikamponyoka.

"Nawasha, Tete."

"Unawasha tangu saa ngapi? Mlango nimeusikia ukilia saa kumi na moja."

Muchaneta aliokota njiti. Picha ileile ilikuwa imemjia tena. Katika picha hiyo Ambuya, bibi yake, amelala sakafuni, kikombe cha bati kimepinduka kando yake, mkono wake umenyooka kuelekea mlangoni, naye anaita: "Muchaneta! Muchaneta! Muchaneta we!" Haikuja kama mtu anavyokumbuka jambo lililopita. Ilikuja kana kwamba jambo linatokea palepale, na ilipoondoka ilimwacha mikono imepoa na kichwa kizito.

Ambuya alifariki mwezi wa Mei. Tangu hapo Muchaneta, msichana wa miaka kumi na mitatu, alikuwa amekonda mpaka sketi ya shule ikashikwa kwa pini. Hakucheza, hakucheka, na chakula alikigusa kwa ncha za vidole. Darasani alikaa na kalamu mkononi bila kuandika, na wenzake walikwisha kuzoea.

"Jamani, mtandao wa Muchaneta umekatika tena!" walisema nyuma yake. "Mpandisheni juu ya mwamba atafute mawimbi!"

Mwalimu Chirume hakucheka. Alimwita Tete akamweleza mambo yalivyo. Mtihani wa darasa la saba ulikuwa Oktoba. Katika majaribio matatu yaliyopita, Muchaneta hakumaliza karatasi hata moja. Kama hali ingebaki hivyo, angerudia darasa.

"Anafikiri sana," Tete alisema. "Nimempa kazi ili asifikiri, na jina la marehemu hatulitaji mbele yake. Nguo, fimbo, kila kitu nimekificha."

Wengi kule wangefanya kama Tete. Ugonjwa wa aina hiyo huitwa kufikiri kupita kiasi, na dawa inayojulikana ni kumzuia mgonjwa asifikiri.

"Na amepona?" Mwalimu aliuliza.

Jumatano iliyofuata Tete alimpeleka mtoto zahanati.

Sista Gwatidzo, muuguzi aliyesomea matibabu ya ugonjwa wa huzuni, alikuwa na saa ya ukutani na daftari la miraba. Tete alibaki barazani.

"Picha hiyo huja mara ngapi?"

"Mara nyingi, Sista."

"Mara nyingi si namba. Wiki hii, kila ikija, chora mstari mmoja."

Muchaneta alirudi na mistari thelathini na mmoja.

"Ikija unafanyaje?"

"Naifukuza."

"Inakwenda?"

"Inakwenda, halafu inarudi."

"Basi kuifukuza hakusaidii. Hilo sasa tunalijua." Sista aliandika. "Unaumwa huzuni, Muchaneta. Ni ugonjwa, si uvivu. Kumbukumbu inayofukuzwa kila mara hubaki vipandevipande, na kipande kikali kuliko vyote ndicho kinachorudi. Tutaitazama yote, tangu mwanzo hadi mwisho. Hutaitazama peke yako."

Siku hiyo Muchaneta alifumba macho akasimulia. Alisema alikuwa amekwenda pampuni kuchota maji, Ambuya akaita mara tatu, yeye akakawia, na aliporudi akamkuta sakafuni.

"Kutoka nyumbani hadi pampuni ni mwendo wa muda gani?" Sista aliuliza.

"Dakika kumi."

"Na ukiwa pampuni ulimsikia Ambuya akiita jikoni?"

Muchaneta alifumbua macho, akayainamisha. Sista hakumkemea wala hakurudia swali.

"Wiki ijayo tutaanzia hapo," alisema, akafunga daftari.

Wiki hiyo mistari ilifika arobaini na minne. Muchaneta alikataa kurudi zahanati, na Tete alikwenda peke yake, amefura.

"Mnamchokonoa mtoto kidonda! Hali yake ilikuwa mbaya, sasa ni mbaya zaidi!"

"Wiki za mwanzo huweza kuwa hivyo," Sista alijibu. "Nilipaswa kuwaonya mapema, na sikuwaonya. Hilo ni kosa langu. Nipeni wiki tatu. Zikipita bila nafuu, nitaandika barua aende hospitali kuu."

Aliyemrudisha Muchaneta hakuwa Tete. Alikuwa Shuvai, jirani na rafiki yake, ambaye tangu Mei alikuwa akimpita njiani kama mtu mwenye deni. Alhamisi, walipokuwa wakitoka shule, alimshika mkoba.

"Hukuwa pampuni, Mucha."

"Niache."

"Sikuachi. Nimenyamaza miezi mitatu, yatosha. Mwambie yule Sista. Ukiogopa nitakwenda nawe, hata kama Tete wako atanichapa na mimi."

Jumatano walikaa wawili mbele ya daftari la miraba. Muchaneta alizungumza akitazama vidole vyake. Jumamosi ile Ambuya alipoanguka, hakuwa pampuni. Maji alikwisha kuyaleta asubuhi. Baada ya chakula cha mchana alikuwa nyuma ya ghala la mahindi akicheza mdako na Shuvai. Ambuya aliita. Alimsikia vizuri kabisa. Alisema, tumalize kwanza.

"Alikuwa akiita, na mimi nacheza," alisema. "Mchana kutwa nacheza. Mara tatu ananiita."

"Mara moja," Shuvai alisema.

"Tatu!"

"Mara moja, Mucha. Nilikuambia nenda, ukasema umebakiza raundi nne. Tukamaliza, ukaenda. Mchana kutwa gani? Hata jasho hatukutoka."

Sista aliwatazama kwa zamu. "Kokoto mnazo?"

Walitoka nje uani, wakachimba kishimo mchangani, wakakaa kama walivyokaa siku ile. Muchaneta alirusha, akadaka, akazivuta kokoto na kuzirudisha, raundi nne zilezile. Mara mbili alikosea. Sista alisimama na saa yake ya mkononi.

"Dakika nne na sekunde kumi," alisema. Aliandika. "Sasa hizo sauti tatu. Zimetoka wapi?"

Shuvai ndiye aliyejua. "Ni Mzee Jairosi. Siku ya mazishi."

Mzee Jairosi alikuwa mtani wa ukoo wao, na mtani ana haki msibani ambayo hata mtoto wa marehemu hana. Siku ile alijifunga kitambaa cha Ambuya, akavaa aproni yake, akashika fimbo yake na kuinama kama yeye, akazunguka uani mbele ya waombolezaji. Kisha akaita kwa sauti ya Ambuya hasa: "Muchaneta! Muchaneta! Muchaneta we! Masikio ya mtoto huyu ni ya pambo tu!" Watu walicheka huku wakifuta machozi, maana hiyo ndiyo kazi ya mtani. Ni Muchaneta peke yake aliyekimbilia nyuma ya choo na kutapika.

Alipolisikia jambo hilo likisimuliwa, Muchaneta alizirudisha kokoto kishimoni moja moja.

"Ile ni sauti yake," alisema hatimaye. "Si ya Ambuya. Ni ya Mzee Jairosi."

"Akili yako imeshona vitambaa viwili kuwa kimoja," Sista alisema. Aliwarudisha ndani, akafungua kabati na kutoa kitabu cha wagonjwa cha mwezi wa Mei. "Ambuya alipasuka mshipa kichwani, damu ikavuja nyingi. Kutoka kwenu hadi hapa kwa mkokoteni wa ng'ombe ni dakika hamsini. Dakika zako nne zisingemwokoa. Nakuambia hivyo kwa sababu ndivyo ilivyo, si kwa kukubembeleza."

"Kwa hiyo sikukosa?"

"Ulikosa. Uliitwa ukachelewa dakika nne, kisha ukadanganya. Hukumwua. Hesabu yako ni hiyo, usiongeze wala usipunguze."

Kuanzia hapo kila Jumatano ilikuwa na kazi moja. Muchaneta alifumba macho, akaisimulia Jumamosi ile tangu ghalani, kila kitu mahali pake: mwito mmoja, raundi nne, mlango. Kisha Sista akamwambia aingie katika picha kama alivyo leo, akijua anayoyajua leo.

"Uko mlangoni. Unafanya nini?"

"Naingia. Nachuchumaa. Namshika mkono."

"Unamwambia nini?"

"Nisamehe, Ambuya. Nilikusikia, nikachelewa."

"Na sauti?"

"Hakuna. Kumetulia."

Mara ya kwanza alilia mpaka kamasi. Mara ya tatu alilia kidogo. Mistari ilishuka: ishirini na sita, kumi na saba, tisa, sita. Mapema Septemba alimaliza ugali wake wa sadza wote, na Tete akajifanya hakuona.

"Uwongo uliomwambia Tete siwezi kuutibu mimi," Sista alimwambia. "Huo una mwenyewe."

Jumapili ya pili ya Septemba, alasiri, walikuwa wakibangua karanga uani, Tete na yeye. Muchaneta aliweka ungo chini.

"Tete, siku ile sikuwa pampuni. Nilikuwa nyuma ya ghala nikicheza na Shuvai. Ambuya aliniita nikachelewa. Nilikudanganya."

Tete aliendelea kubangua karanga moja, mbili, kisha mikono yake ikasimama. "Hukuwa pampuni?"

"Hapana, Tete."

"Hukwenda mara ya pili?"

"Sikwenda."

"Mimi nilipokwenda sokoni nilikutuma ukachote tena mchana." Tete alilitupa ganda alilolishika. "Miezi minne, Muchaneta. Miezi minne najiambia, lau nisingemtuma mtoto maji ya pili, mama yangu asingeanguka peke yake. Unajua kwa nini nilificha vitu vyake? Ulidhani ni kwa ajili yako tu? Mimi mwenyewe sikuweza kuvitazama."

Muchaneta hakuwa amelifikiria hilo hata mara moja. Alikuwa ameuona uwongo wake kama kitu kilichomfunika yeye. Hakujua kwamba upande wa pili ulikuwa umemlalia mtu mwingine.

"Nisamehe, Tete."

"Nimekasirika. Sitakuficha." Tete alijifuta uso kwa ncha ya khanga. "Kwa mdako nisingekukasirikia hivi. Mtoto huitwa akasema nakuja, hata mimi nilisema hivyo kwa mama huyohuyo. Nimekasirikia uwongo wa pampu."

Kuku mmoja alikuja akadonoa karanga ungoni, na hakuna aliyemfukuza.

"Lakini na mimi nimekosa," Tete aliendelea polepole. "Nilikuona umekaa na kiberiti bila kuwasha, nikakupa ndoo. Nilikukataza kumtaja, na kumbe sote wawili tulikuwa tukimwona kila siku, kila mtu kivyake. Sikiliza, na ukikua uwaambie wanao. Ukikosa, sema siku hiyohiyo, kosa likiwa bado na ukubwa wake. Ukilifungia linakua, na wanaolibeba ni wengi. Na akili ikiumwa, mtu hapewi kazi nyingi apate kunyamaza. Hupelekwa kwa anayejua kuitibu, kama mtu aliyevunjika mguu."

"Ndiyo, Tete."

"Kumwomba radhi mama hatuwezi tena. Muda huo umetupita sote."

Wiki hiyo daftari lilikuwa na mistari miwili.

Mtihani wa hesabu ulianza saa tatu asubuhi, Jumatatu ya kwanza ya Oktoba. Saa tatu na dakika arobaini picha ilimjia Muchaneta: sakafu, kikombe, mkono. Aliitazama, akaingia mlangoni, akachuchumaa. Ilipita katika muda usiofika dakika moja, na ndani yake hapakuwa na sauti. Alihamia swali lililofuata. Saa tano kamili msimamizi alikusanya karatasi, na ya Muchaneta ilikuwa imejibiwa mpaka ukurasa wa mwisho.