Vidole Viwili vya Nafasi

Kila akitoka shule, Futi alimsaidia mama yake, fundi cherehani, kupima wateja. Jina hilo la utani alilipata kwa kutembea na futi ya kupimia shingoni kutwa nzima, akijidai kama aliyevaa mkufu wa dhahabu.

Jumamosi moja baba yake alimpeleka gereji. Alitaka trekta lake dogo lifungwe kijiko cha kuchimbia mitaro.

“Tukining'inize hapa nyuma, kwenye mikono ya kunyanyulia jembe,” baba alisema. “Kazi rahisi.”

Fundi wa kuchomelea akatikisa kichwa. “Rahisi ni ghali, mzee. Kijiko kikikwama kwenye mwamba, nguvu yote itaishia kwenye giaboksi, trekta likatike kiuno. Afadhali fremu ipite chini ya tumbo, ishike mpaka mbele. Ila ikae barabara. Ikicheza tu, boliti zitakatika.”

Baba aliguna, kisha akakubali.

“Haya, mpimaji, ingia uvunguni utupe upana wa chasisi,” fundi akamwambia Futi.

“Mimi huwa sikosei!” Futi alijigamba. Akatambaa chini ya trekta, akapima, akatoka na grisi puani na kutaja kipimo. Fundi akakiandika kwa chaki juu ya chuma.

Msumeno ulipoanza kulia, Futi alishtuka. Alikuwa ameongeza vidole viwili! Kwa mama, kila gauni huongezwa nafasi kidogo, na mkono wake ulikuwa umezoea. Aliona haya kusema, hasa baada ya majigambo yale. Lakini boliti zikikatika, ni baba atakayekuwa kwenye usukani.

“Fundi, simama! Nimeongeza vidole viwili!”

“Vya nini?”

“Vya… kupumulia.”

Fundi alicheka mpaka akafuta machozi. “Trekta linapumua kwa ekzosi, mwanangu!”

Futi akapima upya, safari hii fundi akimmulikia kwa tochi. Jioni fremu iliingia mahali pake. Baba aliitikisa kwa mikono miwili, haikucheza hata kidogo.

Akachuchumaa mbele ya binti yake. “Kukosea si aibu, mama. Hata fundi hukosea. Aibu ni kulinyamazia kosa ili usichekwe, halafu mwenzako ndiye aumie.”