Majivu ya Kwembago

Mwaka ule kiangazi kilitukamata vibaya Handeni. Watu walioga kwa kopo, na mtu akikuta dimbwi sakafuni kwake hafurahi, anauliza limetoka wapi. Ndiyo maana Fatu, alipofungua jiko la mzee Chimanlal asubuhi na kukuta sakafu imelowa kuanzia mlango wa nyuma hadi chini ya meza, hakukimbilia dekio. Aliangalia bomba kwanza. Lilikuwa kavu, na buibui alikuwa ameshajenga mdomoni mwake.

"Shikamoo mzee. Jana umeoga jikoni?" aliuliza, nusu utani.

"Marahaba. Futa tu, Fatu," mzee alijibu kutoka dukani, wala hakugeuka.

Chimanlal alikuwa na duka la vitambaa pale Chanika, Handeni mjini. Alizaliwa humo humo, na Kizigua chake kilikuwa safi kuliko cha vijana wetu wa sasa, wanaojua matusi tu. Fatu aliwapikia na kuwafulia yeye na mkewe Daxa, ambaye sote tulimwita mama Daxa, tangu yeye mwenyewe akiwa mwali. Na mama Daxa alikuwa na jambo moja lililotuchekesha miaka yote. Kila Jumapili walifunga duka, wakapanda pikapu yao, wakaenda kutembelea maziwa na mabwawa ya msituni. Hawaendi kuvua, hawaendi kuchota, wanaenda kukaa. Tukasema, jamani, mtu mzima anakwendaje majini bila ndoo? Wao wanatandika mkeka, wanakunywa chai ya chupa, mama anatazama yungiyungi, mzee anasinzia. Ziwa walilolipenda zaidi ni Kwembago, dogo, limezungukwa na miti mikubwa mpaka maji yake ni meusi hata mchana. Wazee wetu wanasema lina mwenyewe. Ukifika unavua viatu, unasalimu kwa sauti ya chini, huchukui kitu na huachi kitu. Fatu aliwafundisha hivyo, nao wakafuata.

Mama Daxa alifariki baada ya masika. Wakamchoma Tanga kwa desturi yao, kisha mzee na mtoto wao wa pekee, Yatin, wakapeleka majivu Korogwe wakayatia Mto Pangani. Kwao majivu hupewa maji yanayotembea, ili yamfikishe marehemu baharini. Yatin akarudi Kanada kwenye kazi zake. Nyumba ikabaki na mzee na Fatu, na Fatu jioni huenda kwake.

Lakini mzee hakuyatia yote. Kiganja kimoja alikificha ndani ya leso. Jumapili iliyofuata alikwenda Kwembago peke yake, akakimimina ziwani, akakaa ukingoni akiongea na mkewe mpaka jua likaanza kushuka. Alitaka awe na mahali pa kumtembelea. Mimi simlaumu. Ukiishi na mtu miaka yote hiyo, kisha unakohoa na hakuna wa kukuambia funga dirisha, utafanya mengi.

Baada ya Jumapili ile sakafu haikukauka tena. Taa ya mafuta mbele ya miungu yao ilikataa kuwaka, utambi ukikamuliwa unatoa maji. Fatu akawa anasikia minong'ono nyuma ya milango, mwanamke akisema maneno machache, yale yale kila siku, kwa Kigujarati ambacho yeye alikuwa amekishika kwa kukisikia jikoni. Alisoma dua akaendelea kufua. Alijiambia ni redio ya jirani.

Siku moja mchana, jua la utosi, alikuwa uani anapepeta mchele akasikia bangili jikoni. Mama Daxa alivaa bangili za kioo, na akisukuma chapati ziligongana. Fatu akasimama na ungo mkononi. Harufu ikamjia, ya mafuta ya nazi ya nywele, na chini yake tope bichi la ziwani, na halafu ile sauti, laini, ya mtu asiye na haraka: "Umekula?"

"Bado," mzee akajibu. "Nakusubiri wewe."

Fatu akachungulia. Mzee alikuwa mezani peke yake, na sahani mbili. Ya pili ilikuwa imejaa maji hadi ukingoni, na kiti cha mbele yake kilikuwa kinachuruzika. Vidole vya mzee vilikuwa vyeupe, vimejikunja ngozi, mikono ya mtu aliyefua kutwa. Naye alikuwa na furaha. Hiyo furaha ndiyo iliyomtisha Fatu kuliko maji.

"Mzee," alinong'ona, "unakula na nani?"

"Ongea polepole. Usimfukuze."

"Umefanya nini, mzee wangu?"

Akamweleza habari ya leso. Fatu akaketi chini pale pale kwenye unyevu.

"Na ulimwambia nini pale ziwani?"

"Mtu anasema nini? Nilimwambia rudi nyumbani. Nikamuuliza umekula. Nikamwambia niko peke yangu."

Maneno hayo matatu ndiyo Fatu aliyokuwa akiyasikia nyuma ya milango, hayo tu, hakuna hata moja la ziada.

"Sasa ananiita," mzee alisema. "Anasimama mlango wa nyuma, anatazama upande wa msitu, anasema rudi nyumbani. Jumapili nitaenda."

Fatu hakwenda kwake jioni ile. Alikwenda kwa shangazi yake, bibi Hajira, ambaye watu humwendea kwa mambo haya. Hajira alimsikiliza huku anatafuna tumbaku.

"Yule si mkewe," alisema. "Ni mwenye ziwa. Amepewa mtu, amemvaa. Jini wa maji yaliyolala hana maneno yake mwenyewe, Fatu. Anajua aliloambiwa pale, hajui zaidi. Mzee akienda Jumapili mtamtoa amevimba."

"Tufanyeje, shangazi?"

"Aliyetoa ndiye atakayenyang'anya. Achote tope pale pale alipomwaga, alitie kwenye chungu kipya, alifunike, alipeleke mtoni lilikotakiwa kwenda. Na asiitike, hata aitwe vipi."

Asubuhi yake mzee alikataa. Alimsikiliza Fatu mpaka mwisho, kisha akauliza, "Nikimpeleka huyo, nitabaki na nani?"

"Na sisi, mzee."

"Ninyi jioni mnakwenda kwenu."

Fatu alijua ni kweli. Akalia. "Mama nilimwosha kwa mikono hii," alisema. "Usinifanye nikuoshe na wewe." Mzee akaenda kutafuta funguo za gari.

Walifika Kwembago mchana, ndege wote kimya. Mzee akavua viatu, akaingia hadi magotini, akachota. Maji hayakutikisika alipoyagusa, na hilo Fatu hajalisahau. Kisha wakashika barabara ya Korogwe, chungu kikiwa mapajani mwa Fatu kimefunikwa kitambaa cheupe, na hawajafika mbali vioo vikaanza kulowa kwa ndani, na ile harufu ya nazi na tope ikajaa garini mpaka ikawa inamezwa badala ya kunuswa, na nyuma yao, ambako hapakuwa na mtu, bangili zikagongana taratibu, na sauti ikaanza kuuliza umekula, ikauliza tena, ikasema rudi nyumbani, ikasema niko peke yangu, niko peke yangu, mara kwa upole, mara kwa kulia, huku mzee ameng'ang'ania usukani, machozi yanamtiririka hadi shingoni, meno ameyauma asije akaitika, na Fatu anasoma kila aya aliyowahi kufundishwa na nyingine anazichanganya.

Korogwe wakateremka mtoni. Mto ulikuwa umepungua, lakini ulikuwa unatembea. Mzee akasimama kwenye maji, akafunua kitambaa, akainamisha chungu, tope likaanza kutoka. Hapo sauti ikamwita jina. Haikusema Chimanlal, wala baba Yatin. Ilikuwa jina fupi, la kubembeleza, na Fatu aliyesimama nyuma yake alilisikia waziwazi. Katika miaka yote ya nyumba ile hakuwahi kulisikia.

Mzee akageuka na mdomo wazi. Chungu kilikuwa kimeshabaki kitupu.

Gari lilikuwa kavu waliporudi. Nje kidogo ya mji mzee akasimama kando ya barabara, akazima injini.

"Ulisikia?"

"Nilisikia, mzee."

"Jina hilo alinipa usiku tuliooana. Mama yangu hakulijua. Yatin halijui. Kwembago sikulitamka, Fatu. Sijalitamka mbele ya mtu yeyote." Sauti yake ikapungua. "Jini anaweza kujua jambo ambalo hakuambiwa?"

Maneno ya Hajira yalikuwa kichwani mwa Fatu, kila neno mahali pake: anajua aliloambiwa pale, hajui zaidi. Akaitazama mikono ya mzee juu ya usukani.

"Anaweza, mzee," akasema. "Majini wanajua yote."

Mzee akamshukuru, akawasha gari.