Kilichochomekwa Saa Tisa

Chelangat, jirani yetu wa Kitale, hakuwa mtu wa kuogopa mashine. Mwaka 2006 aliitwa katika zahanati moja ya kina mama huko Kanduyi, ukingoni mwa Bungoma. Seva ya rekodi ilikuwa ikizimika kila siku saa tisa mchana. Alifika Jumanne, jua limewaka, kina mama wajawazito wakinywa uji kwenye benchi.

"Inazimika tu yenyewe," alisema Nakhungu, karani wa rekodi. "Na iko na harufu, fundi. Kama nyama imesahauliwa kwa sufuria."

Chelangat alifungua logi, shajara ambamo mfumo hujiandikia kila linalotokea. Mistari ilienda vizuri hadi karibu saa tisa, kisha ikakatika. Akaelewa. Kernel, moyo wa mfumo, ilikuwa ikifa kabla ya kuandika neno kwenye diski. Basi akavuta waya kutoka kwenye seva hadi kompyuta ya pili, akaiamuru kernel itume kila ujumbe huko, hata ule wa mwisho kabisa.

Saa tisa ilipogonga, seva ikazimika. Harufu ikapanda, nzito, tamutamu, ikamkaa ulimini.

Kwenye kompyuta ya pili ujumbe ulikuwa umefika. Kifaa kipya kimechomekwa, tundu la nyuma. Jina la kifaa: Nakhumicha. Kisha kernel ikaanguka.

"Nani amechomeka kitu?"

Nyuma ya seva hapakuwa na mtu. Nakhungu alisoma lile jina, akajiziba mdomo na leso.

"Huyo ndiye alikuwa kwa hii kiti kabla yangu," alinong'ona. "Tulimzika Aprili. Sukari ilimuozesha vidole, na bado alikuwa anakuja kazi. Alikuwa anaandika na hizo bandeji, mama. Tulikuwa tunapanguza usaha kwa kibodi."

Chelangat alipitisha mkono nyuma ya seva, akapapasa lile tundu.

Lilikuwa na joto. Laini. Likabana kidole chake.

Alikivuta. Kikatoka na ute wa manjano na ngozi nyembamba, nyeupe, iliyojikunja kama ganda la kitunguu. Ngozi haikuwa yake. Alitapika palepale, juu ya nyaya, akanawa kwa dawa ya kuoshea sakafu hadi mikono ikachubuka.

Seva ile ilichomwa kesho yake nyuma ya zahanati. Mpya ikaletwa, na haijawahi kuzimika.

Ila wakati wa kuhamisha rekodi kutoka kwenye nakala ya akiba, Nakhungu alikuta faili moja la ziada. Lilifunguliwa Jumanne ile, saa tisa na dakika nne, seva ikiwa imezimika. Jina la mgonjwa: Chelangat. Umri ulikuwa sawa. Hata jina la mamake lilikuwepo, na hakuna mtu wa Kanduyi aliyewahi kuambiwa.

Penye malalamiko ya mgonjwa paliandikwa neno moja.

Vidole.