Kitovu Chini ya Mginko

Jua lilikuwa limeinamia upande wa Ikolo Kisa alipobeba ndoo kwenda kumwagilia mginko, mwanawe Lusungu mgongoni, macho yakimuuma kwa kukosa usingizi wiki sita. Mti wenyewe, wa asili ya Uchina, ulikuwa wa mumewe, Anyitike. Mbegu alipewa na mgeni mmoja pale Matema, akaiotesha kwenye kopo, mche akauhamishia uani, na kila akipiga simu kutoka kwenye biashara zake Karonga huanza na mti kabla ya mtoto: umeukinga jua? Maji usizidishe!

Kosa lilikuwa la Kisa. Kitovu cha Lusungu kilipodondoka, mama mkwe alimwambia akakifukie kwenye shina la mgomba, kama vya ukoo wote. Mvua inanyesha, mgongo unauma, migomba iko kule bondeni... akakifukia hapo hapo chini ya mginko, udongo ulikuwa laini. Nani angejua?

Tangu siku hiyo mti ulirefuka kiganja kizima kila wiki. Mtoto akazidi kuwa mwepesi.

Alipoinama kumwaga maji, akasikia.

Nyu... nyu... nyu...

Mtoto ananyonya. Lakini Lusungu alikuwa mgongoni, amelala fofofo! Sauti ilitoka ardhini. Harufu ya maziwa yaliyochacha ikampanda puani, matiti yakaachia yenyewe, blauzi ikalowa, matone yakadondokea shinani.

Udongo ukayanywa.

"Mama! Mama, njoo!"

Mama mkwe akatoka jikoni na panga. Kisa akamweleza yote kwa pumzi moja.

"Ee Kyala, Mungu wangu! Yaani wewe na shule yako yote, mgomba umekushinda kuufikia?" akanong'ona. "Sogea."

Akakata kitawi kimoja, kidogo tu.

Lusungu akapiga yowe. Kisa akamshusha, akamfunua. Mkononi, mstari mwembamba wa damu.

"Weka panga chini, mama... nakuomba."

Sasa kila jioni Kisa huenda mwenyewe, hufungua vifungo vya blauzi, huinama. Amechoka hata kuogopa. Ila mtoto ameanza kunenepa.

Jana akaona jani moja limegeuka njano. Akampigia Anyitike.

"Usiwe na wasiwasi, mama Lusungu," mumewe akacheka. "Ndiyo tabia ya mginko. Kila mwaka hupukutisha majani."

"Mangapi?"

"Yote. Mara nyingine kwa siku moja tu. Unabaki umesimama kama umekufa. Haya, mtoto hajambo?"

Kisa alikuwa anaitazama kanga aliyombebea. Ilikuwa imejaa nywele laini za Lusungu.