Mgomba wa Wekoye

Jumamosi hiyo mama yao alikuwa akianika mahindi kwenye turubai, nyumbani kwao Matisi, pembeni mwa Kitale, Emmy alipotoka nje amevaa viatu vya kuazima. Mama akamtazama binti mdogo, kisha akamgeukia mkubwa.

"Nakhungu, huyu hajui maji."

"Tutamwangalia, Mama."

"Sijasema mtamwangalia. Wewe ndiye umrudishe."

Katika ukoo wetu kisa hiki husimuliwa kuanzia hapo, kwenye turubai la mahindi.

Walikuwa wanne. Nakhungu, aliyeuza dawa za mifugo mjini Kitale. Emmy, mdogo wake. Kiplangat wa kutoka mji wa Kwanza, aliyepanga matembezi. Na Chelagat, mchumba wa Kiplangat. Walikusudia kufuata mto Kuywa kwa miguu kuanzia Kabuchai, alikotoka babu yake Nakhungu, waogelee panapofaa, walale kwenye hema, na Jumapili warudi.

"Pwani ni mbali," Kiplangat alisema wakiteremka katikati ya mashamba ya miwa. "Hii ndiyo Diani yetu, bana."

"Diani iko na mchanga," Chelagat akamjibu. "Hapa ni matope na konokono. Ati umenileta honeymoon ya majaribio?"

Emmy alicheka mpaka akashika mbavu. Watu waliokuwa wakikata miwa hawakucheka. Nakhungu aliwasalimu kwa Kibukusu, lugha ya kwao. Kiplangat alipouliza mahali pazuri pa kuogelea, mwanamume mmoja alitema kapi la muwa karibu na kiatu chake.

"Huku hatuogelei."

Waliendelea mbele. Walipogeuka, wakataji walikuwa bado wamesimama, mapanga mkononi, wakiwatazama.

Saa za mchana walifika mahali mto unapopinda na kutulia. Maji yalikuwa ya kahawia, mazito, hayana sauti. Kiplangat na Chelagat waliruka ndani mara moja. Emmy alibaki ukingoni akilowesha vidole vya miguu.

"Nitakutengenezea kitu cha kushikilia," Kiplangat akasema, akatoka majini na kuchukua panga lake. Juu kidogo ya ukingo palikuwa na mgomba mmoja mnene, umesimama peke yake. Haukuwa na machipukizi wala mkungu. "Nakhungu, huku ni kwenu. Huu uko na mwenyewe?"

Nakhungu aliutazama. Utotoni walikuwa wakielea kwa magogo ya migomba, na migomba ya mtoni haikuwa ya mtu.

"Hauna mwenyewe. Kata tu."

Panga liliingia mara moja. Utomvu ulitoka mwingi kuliko kawaida.

Emmy alilalia gogo na kupiga maji kwa miguu. Alikuwa akicheka. Kisha gogo likaanza kwenda lenyewe. Halikufuata maji. Lilikwenda kinyume chake, polepole, likimpeleka Emmy kwenye kina.

"Achilia!" Nakhungu alipiga kelele.

"Siwezi! Mikono imeshikwa!"

Hakusema imeshika. Alisema imeshikwa.

Gogo likazama. Emmy akazama nalo.

Kiplangat alipiga mbizi. Alipiga tena. Mara ya mwisho aliibuka amemkumbatia Emmy, na gogo likaibuka pamoja naye, mikono ya Emmy bado ikiwa juu yake. Waliwavuta wote ukingoni. Emmy alikohoa, akatapika maji, na mikono yake ikabanduka gogoni.

"Nani amemfukua mwanangu?"

Mwanamke mzee alikuwa amesimama kando ya kisiki cha mgomba. Miguu yake ilikuwa na matope hadi magotini. Alikuwa amekimbia.

"Kukhu, tusamehe," Nakhungu alisema, akimwita bibi kwa lugha yao. "Hatukujua."

"Wewe ni Mubukusu. Hawa wengine hawajui. Wewe hukujua nini?"

Hapo ndipo Nakhungu alipoelewa. Mtu akipotelea majini na mwili wake usionekane, jamaa huzika gogo la mgomba mahali pake, wakalililia kama mtu, ili atulie. Alikuwa ameona likizikwa kwa ajili ya ndugu wa babu yake. Lile lilioza ardhini, kama yaozavyo yote. Hakuwahi kusikia lililochipua.

"Wekoye alichukuliwa na maji haya," mzee alisema. "Nilimpa mto mgomba, akalala. Ninyi mmemrudisha majini. Mzikeni sasa hivi, jua likiwa juu. Mkichelewa atatafuta wa kuzikwa badala yake."

"Tupe jembe, Kukhu," Kiplangat akasema.

"Jembe liko nyuma ya kibanda cha kuku," Emmy akasema. "Lile la mpini mfupi. Mayi hulifunika na gunia."

Kila mtu aligeuka. Emmy hakuwahi kukanyaga nyumbani kwa mwanamke yule, na mama yake mwenyewe hakumwita Mayi bali Mama. Hata nyumba yenyewe haikuonekana kutoka pale.

Mzee alimkaribia. Alimshika kidevu, akamtazama machoni kwa muda mrefu. Hasira ikamtoka usoni, na kilichokuja mahali pake kilimtisha Nakhungu zaidi.

"Wekoye?"

"Nina baridi, Mayi."

Mzee alivua leso yake, akamfunika. Akaketi naye kwenye jiwe, mbali na kisiki, akamshika mikono yote miwili mapajani pake.

"Basi tusiharakishe," akanong'ona. "Hakuna haja ya kuharakisha."

"Kukhu, huyo ni mdogo wangu."

"Wewe mama yenu amebaki na wangapi? Mimi nilikuwa na huyu tu."

Nakhungu alipanda mteremko akikimbia. Jembe lilikuwa nyuma ya kibanda cha kuku. Mpini ulikuwa mfupi. Lilikuwa limefunikwa na gunia.

Walichimba kwa zamu, yeye na Kiplangat. Chelagat alikuwa akiomba kwa sauti ya chini, amewapa mgongo. Gogo lilikuwa zito kama mtu mzima. Walilivingirisha shimoni, nalo likaanguka kwa kishindo cha mwili.

Nakhungu akaanza kulia kama wanavyolia kwao, akimwita Wekoye ndugu yake. Akatupa udongo.

Pale jiweni, Emmy alipiga yowe.

"Dada! Unanifunika!"

Jembe likasimama. Emmy hakuwa na mazoea ya kumwita dada. Alimwita Nakhu, tangu alipojifunza kuongea.

"Si yeye," Kiplangat alinong'ona. "Funika."

"Dada, mimi niko huku! Dada!"

Nakhungu akatupa udongo. Yowe likaja. Akatupa tena. Mzee alimbana Emmy mikono, akimbembeleza kwa jina la mwanawe. Udongo ukajaa. Nakhungu aliukanyaga kwa miguu yake.

Kukawa kimya.

Emmy alilegea, akafumbua macho, akauliza kwa nini amefunikwa leso ya mtu. Mzee aliitwaa leso yake. Aliinuka, akamtemea Nakhungu miguuni, akapanda kwenda kwake.

Walirudi Kitale jioni ile ile. Mama alimpokea Emmy, akamsifu Nakhungu, akawapakulia. Emmy alikula vizuri. Alimtania Kiplangat kwa simu. Alilala mapema.

Asubuhi Nakhungu alimkuta ameketi kitandani, mikono juu ya blanketi, akiitazama. Kucha zake zote zilikuwa zimejaa udongo mweusi wa ukingoni, umeshindiliwa mpaka kwenye nyama. Mbili zilikuwa zimevunjika. Hakuwa ameshika jembe. Hakuwa amegusa ardhi. Muda wote wa maziko mikono yake ilikuwa imeshikwa na yule mzee.

"Nakhu," Emmy alisema taratibu, "ulinisikia nikikuita. Mbona hukuacha?"

Nakhungu alileta maji ya moto na brashi. Aliziosha kucha zile moja moja mpaka zikatakata. Kesho yake udongo ulikuwa umerudi, na ulikuwa bado na unyevu, kana kwamba usiku kucha Emmy alikuwa bado shimoni, akichimba atoke.