Siku Kampuni Ilipojaribu Kuishi Bila Okiror

Kevina Maloba alimkuta Okiror kwenye foleni ya malori Busia, kila mmoja aking'ang'ania kivuli cha trela. Kevina na gauni lake la njano la heshima. Kijana na shati jeupe lililobeba vumbi lote la simenti ya Tororo.

"Sista, hiki kivuli kina mwenyewe."

"Mwambie asogee."

Akasogea. Kumbe walikuwa wa kampuni moja ya kutoa mizigo forodhani, Kevina ofisi ya Busia, Okiror karani wa ghala Tororo. Wakapendana bila kuomba ruhusa kwa mtu.

Mwezi wa tatu wa mapenzi yao, Kevina akapewa jukumu zito: zoezi la kupima kama kazi itaendelea mtu muhimu akitoweka ghafla. Akamchagua Okiror atoweke. Kwa saa sita kijana alifungiwa kantini bila simu, akila chapati kwa niaba ya kampuni. Wenzake wakafuata mpango ulioandikwa, malori yote yakaondoka. Kevina akaandika kwa fahari: "Kazi inaendelea bila Okiror."

Meneja wa ghala, Bwana Oketcho, akaisoma ripoti, akaandika barua ya kumfuta Okiror kazi: kama kazi inaendelea bila yeye, analipwa wa nini?

Simu ikalia.

"Kevina, umenimaliza."

"Mpenzi, nilipima mpango, sikukupima wewe!"

"Basi endelea bila mimi."

Ikakatwa. Kevina alilia dakika nne kamili, akanawa, akapaka wanja, akapanda boda mpaka Tororo, moja kwa moja ofisini kwa Oketcho.

"Mzee, leo zoezi la pili. Anayetoweka ni wewe. Lete simu."

"Mimi?"

"Mpango una sahihi yako: hakuna asiyepimwa."

Oketcho akaingia kantini. Bila yeye kukalia karatasi, malori yaliyozoea kutoka saa kumi yalitoka kabla ya adhuhuri.

"Nipeleke ripoti hii kwa wenye kampuni," Kevina akauliza kwa adabu kubwa, "ama uchane ile barua?"

Barua ikachanwa.

Okiror alisimama getini na begi lake, mlinzi amemsimulia yote.

"Wewe mwanamke, huogopi?"

"Naogopa sana. Utanioa ama?"

"Eh! Baba yako hataki mkwe wa kabila langu, Mteso."

Kevina akapiga simu, akaweka spika. Madereva waliokuwa wakiingia getini wakazima injini.

"Baba, Jumamosi naleta mchumba. Ni Mteso. Kama humtaki sema sasa, watu wanasikia."

Baba akakohoa.

"Kwetu mkwe hupimwa kwa samaki. Anakula?"

"Mpaka kichwa, Baba," akajibu Okiror mwenyewe, akiinamia simu.